"Fundi, hii itakubali kwenye simu yangu?" Namna ya kujua kabla hujalipa

Hapa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hilo. Mtu ana iPhone, ameona saa ya elfu hamsini. Mwingine ana Samsung, shemeji yake kamletea Apple Watch kutoka Dubai. Muuzaji atakujibu "inakubali vizuri sana, bosi" kabla hujamaliza kuuliza, na mara nyingi hadanganyi, kwa leo inakubali kweli. Kasheshe huja miezi miwili baadaye, simu ikishajisasisha usiku umelala.

Kifaa cha kampuni moja huingia kwenye programu ya kampuni nyingine kwa milango minne, na mteja akishajua kilichopita mlango gani, nusu ya kazi imekwisha.

Wa kwanza ni viwango vya wote: Bluetooth, USB, Wi-Fi, wimbo wa MP3, picha ya JPEG. AirPods ukiziunganisha na Tecno zinapiga muziki na unaongea na simu, kwa sababu sauti inapita kwenye Bluetooth ya kawaida. Utakosa vikorombwezo tu, kama ile picha ya chaji inayojitokeza kwenye kioo. Wa pili ni upenyo ambao kampuni yenyewe imeuacha makusudi ili wengine wapite. Wa tatu ni makubaliano: kampuni mbili zimeandikishana, na siku wakikosana ndiyo imetoka hiyo. Wa nne ni kujifanya mtu mwingine, na huo ndio wa kuuogopa.

Mfano wa mlango wa nne ninaowapa vijana wanaojifunza kazi kwangu ni wa Palm Pre, mwaka 2009. Palm ilikuwa kampuni ya Marekani iliyovuma na kompyuta za mkononi kabla simu janja hazijatapakaa. Tarehe 6 Juni mwaka huo iliingiza sokoni simu ya Pre, na kivutio chake kimoja kilikuwa hiki: ukiichomeka kwenye kompyuta yenye iTunes, programu ya muziki ya Apple, nyimbo zinaingia kama zinavyoingia kwenye iPod, kile kichezea muziki cha Apple. Walioitengeneza walikuwa wanamjua mwenye nyumba vizuri. Jon Rubinstein, aliyekabidhiwa ukuu wa Palm mwezi huohuo, aliwahi kuongoza kitengo cha iPod huko Apple. Na mbinu yenyewe haikuwa ya ajabu. Pre ikichomekwa ilikuwa inajitambulisha kwamba ni iPod.

Katikati ya Julai Apple ikatoa iTunes 8.2.1, Pre ikatupwa nje. Haikupita muda Palm ikajibu kwa sasisho lake, na safari hii ikachukua mpaka namba ya utambulisho ya Apple. Kisha, bila haya, ikapeleka mashtaka kwa USB Implementers Forum, jumuiya inayozigawia kampuni namba hizo, ikilalamika kwamba Apple inazitumia namba kuwabagua wengine. Jibu likaja Septemba: Apple haina kosa, Palm ndiyo ikatakiwa ijieleze kwa kutumia namba isiyo yake. Waliendelea kufungiana na kufunguliana mpaka Oktoba, ilipotoka iTunes 9.0.2. Mwaka 2010 HP ikainunua Palm kwa dola kama bilioni 1.2, na mwaka uliofuata ikaacha kabisa kutengeneza simu zile. Mteja aliyenunua Pre kwa ajili ya nyimbo alikuwa kila mwezi anasubiri kuona nani kashinda.

Kinachonikera kwenye kisa hiki ni kwamba mlango wa pili ulikuwapo, tena wazi. iTunes enzi hizo ilikuwa inaandika orodha ya nyimbo zako zote kwenye faili la XML, yaani la maandishi ya kawaida, ndani ya kompyuta, na programu yoyote ingeweza kulisoma. BlackBerry walifanya hivyo: wakatengeneza programu yao ndogo, ikasoma orodha, ikabeba nyimbo na kuzipeleka kwenye simu. Na kufika kati ya mwaka 2009 nyimbo zilizouzwa na duka la iTunes zilikuwa hazina tena kufuli la kuzuia zisipigwe kwenye vifaa vingine. Palm wangeandika programu yao, yasingewakuta hayo.

Hiyo namba ya utambulisho unaweza kuiona kwa macho yako. Chomeka iPhone kwenye kompyuta ya Windows, fungua Device Manager, bofya kifaa kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Details, kwenye orodha inayoshuka chagua Hardware Ids. Utaona mstari una VID_05AC. Hiyo 05AC ni Apple. Ukichomeka Samsung utakuta 04E8. Mimi huwa nafanya hivi kwa waya na adapta zinazodai ni za kampuni fulani. Kitu kinasema ni cha kampuni kubwa kwenye boksi, namba inasema vingine. Au kinyume chake: namba ni ya kampuni kubwa, lakini plastiki, maandishi na bei vinakataa. Hapo una Palm Pre nyingine mkononi.

Sasa tuje kwenye saa, maana ndizo zinazoliza watu zaidi.

Apple Watch haiungani na Android. Usipoteze bando kutafuta programu ya kuwaunganisha, na ukiiona inayodai inaweza, usiipakue. Saa ile inahitaji iPhone hata kuianzisha tu. Samsung nao hawako nyuma: saa zao kuanzia Galaxy Watch4 ya mwaka 2021 hazikubali iPhone, ingawa zilizotangulia zilikuwa zinakubali. Kwa hiyo ukikutana na Galaxy Watch ya mtumba, uliza ni ya ngapi kabla hujauliza bei.

Zile saa za bei poa nazo, mbona zinaonyesha ujumbe wa iPhone? Kwa sababu tangu mwaka 2013 Apple imeacha upenyo kwenye Bluetooth unaoruhusu kifaa chochote kidogo kusoma taarifa zinazoingia kwenye simu. Ni mlango wa pili, halali kabisa, na umedumu. Ila ni wa kusoma. Ujumbe wa iMessage, ule wa iPhone kwa iPhone, utauona kwenye saa, kuujibu kutoka kwenye saa isiyo ya Apple ndiyo huwezi. Muuzaji akikwambia "unachati humohumo kwenye saa", mwombe akuonyeshe kwa simu yako wewe, hapohapo.

Watu huniuliza kama kampuni zilazimishwe kufungua. Mimi ni fundi, ninaishi kwa kuunganisha vitu, kwa hiyo ungetegemea niseme zifunguliwe zote. Sisemi hivyo. Sioni kwa nini Apple ijibu simu za wateja wa Palm walioharibikiwa. Mshindani abebe mzigo wake. Lakini vitu viwili ningevitungia sheria bila kupepesa macho: vitu vya mteja mwenyewe, yaani namba zake, picha, nyimbo na mazungumzo, viweze kutoka kwa umbo linalosomeka popote; na kile kilichokuwa kinafanya kazi siku nimelipa kisizimwe na sasisho bila mimi kuulizwa.

Ulaya wamekwenda mbali zaidi ya hapo. Machi 2025 Tume ya Ulaya iliiagiza Apple ifungue sehemu za iPhone kwa saa na hedifoni za kampuni nyingine, chini ya sheria yao ya masoko ya kidijitali, na Apple ikaipinga. Ila agizo hilo ni la nchi za Umoja wa Ulaya. Binamu yako wa Hamburg akikutumia video saa yake inafanya maajabu, usikimbilie kununua kama hiyo ukidhani na hapa itafanya vilevile.

Sisi wenyewe tumeshaonja utamu wa kufungua. Watanzania wa umri wangu wanakumbuka kumtumia pesa mtu wa mtandao mwingine: haiingii kwenye salio lake, anapata ujumbe wenye namba ya kwenda kutolea kwa wakala. Mwaka 2014 Airtel, Zantel na Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, zikakubaliana kupokeana. Vodacom, mwenye wateja wengi kuliko wote, akaingia mwaka 2016. M-Pesa yake haikufa. Mwenye soko kubwa huwa ndiye wa mwisho kufungua, na hofu yake naielewa, lakini sijaona iliyomtokea.

Turudi dukani. Ukija kununua kifaa cha kuunganisha, njoo na simu utakayoitumia, ina chaji na bando. Kwanza muulize muuzaji kinatumia programu gani, uitafute mwenyewe kwenye Play Store au App Store. Usikubali kuskani msimbo wa kwenye boksi unaokupeleka kupakua faili kutoka tovuti isiyojulikana. Ukiipata, angalia ilisasishwa lini mara ya mwisho. Kama ni miaka mitatu iliyopita, aliyeitengeneza ameshahama, na toleo jipya la Android likija hakuna wa kuirekebisha. Angalia pia inaomba ruhusa gani. Saa ya kuhesabu hatua inayotaka kusoma SMS zako zote, na humo ndimo zinamokuja meseji za miamala, mimi naiacha mezani.

Kisha unganisha. Halafu zima simu na uiwashe, maana vifaa vingi vinaungana vizuri mara ya kwanza na kugoma mara ya pili. Mwombe uliyekuja naye akutumie ujumbe wa WhatsApp, halafu akupigie. Sogea mpaka nje kwenye kibaraza, usikie sauti ikikatika au haikatiki. Muuzaji atakunja uso. Mwache akunje. Mwisho, kwenye risiti aandike kwa mkono "ikikataa simu ya mteja itabadilishwa", pamoja na aina ya simu yako, kwa sababu ile risiti iliyochapwa chini imeshasema mali ikiuzwa hairudishwi.

Mwenye steshenari anayenunua printa, kwako neno moja: wino. Septemba 2016 printa kadhaa za HP aina ya OfficeJet ziliamka zikikataa katriji za kampuni nyingine zilizokuwa zinakubali jana yake, kwa sababu ya programu iliyokuwa tayari ndani. Kelele zikapigwa, HP ikaomba radhi na kutoa sasisho la hiari la kuondoa zuio kwa printa zile, lakini utaratibu wenyewe wa kukagua chipu za katriji haukuachwa. Ndiyo maana maduka mengi ya jirani zangu yana zile za kujaza wino wa chupa. Ukiwa na ya katriji, soma kwenye boksi kama imeandikwa inakubali katriji zenye chipu ya kampuni hiyo tu, na kama huna haja ya masasisho ya kujiendesha, yazime kwenye menyu ya printa.

Limebaki la kuhama simu, na hapa ndipo watu wanapopoteza vya miaka.

Kutoka Android kwenda iPhone: usianze kuitumia iPhone mpya. Mazungumzo ya WhatsApp yanahamia kwenye iPhone ambayo bado haijaanzishwa, au iliyofutwa yote ikarudi upya. Nakala uliyoweka Google Drive haifunguki kwenye iPhone, hata ukibembeleza. Weka Move to iOS, programu ya Apple ya kuhamia iPhone, kwenye Android, simu zote mbili ziwe kwenye chaji na Wi-Fi moja, ingiza msimbo unaoonyeshwa na iPhone, kwenye orodha chagua WhatsApp, halafu kaa utulie. Kwenye simu mpya tumia namba ileile. Android ya zamani usiifute siku hiyo. Mazungumzo bado yamo, na ndiyo akiba yako kama kuna kilichorukwa.

Kutoka iPhone kwenda Android: kabla hujatoa laini, zima iMessage na FaceTime kwenye iPhone. Usipofanya hivyo, wenye iPhone wanaokuandikia ujumbe wao unaendelea kwenda kwa Apple na wewe unawaona wamekununia. Kama iPhone imeshaibiwa au kuuzwa, Apple wana ukurasa wa kuondoa namba yako kwenye iMessage. Wanakutumia SMS yenye msimbo, unaujaza, basi.

Picha za iPhone zikikataa kufunguka kwenye kompyuta ya zamani ya ofisini, ni kwa sababu zimehifadhiwa kwa mtindo wa HEIC. Ingia Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible, na kuanzia hapo zitapigwa kwa JPEG. Zilizopigwa nyuma hazibadiliki, zinahitaji kugeuzwa. Za kurushiana simu kwa simu, wengi hapa bado wanatumia Xender. Mimi nimehamia LocalSend, ya bure, haina matangazo, inaingia Android, iPhone, Windows na Mac, na inatumia Wi-Fi ya hapohapo bila kula bando.

Namba za watu zitoe kwa faili la VCF, mtindo wa anwani unaosomwa na simu za aina zote. Kwenye Android utakuta sehemu ya kuhamisha ndani ya programu ya anwani. Kwenye iPhone fungua Contacts, gusa Lists, bonyeza orodha na ushikilie, chagua Export. Jitumie kwa barua pepe, kisha lifungue kwenye simu yoyote uliyo nayo karibu, hata ya mwanao, uone majina yanatokea kabla hujaifuta ya zamani.