Kumfundisha Mtoto Kudaka Mpira wa Chini

Buddy Bell alilinda besi ya tatu, moja ya vituo anavyopitia mkimbiaji, kwenye ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na mwanawe David akaja kuilinda vilevile. Craig Biggio alikuwa besi ya pili, mwanawe Cavan naye hapohapo. Kwa mzazi wa kawaida anayemfundisha mtoto kudaka mpira wa chini, yaani unaobingirika au kudunda ardhini, kazi huanzia kwenye glavu. Mtoto wa miaka minane inamtosha ya inchi 10.5 au 11. Ukimnunulia kubwa ili "aikulie", mpira utazama ndani yake na mkimbiaji atafika besi mtoto bado anaupapasa.

Siku za mwanzo msitumie glavu wala gongo la kupigia mpira. Simama mita 5 mbele yake, umbingirishie mpira laini mara 20. Mikono mitupu itamlazimu kutumia yote miwili.

Mkao: miguu ipanuke kupita mabega, magoti yakunjwe, makalio yashuke. Akishavaa glavu, iguse ardhi kabla mpira haujamfikia, mbele ya miguu, pale macho yake yanapouona ukiingia. Kupandisha mkono ni rahisi kuliko kuushusha, ndiyo maana mipira mingi hupita katikati ya miguu. Mkono mwingine ukae juu ya glavu kama kifuniko. Mpira ukiruka ghafla, mkono huo utakinga uso.

Shida kubwa ni mdundo. Mpira hudakika vizuri palepale unapogusa ardhi, au ukiwa umefika juu na kuanza kushuka. Ule unaopanda katikati ndio unaogonga kifua. Kwa hiyo asogee mbele, au arudi hatua moja. Akisimama kungoja, mpira ndio utakaomchagulia mdundo. Miguu ifundishwe kabla ya mikono, hata kama mtoto atachoshwa nayo.

Akishadaka, alete glavu kifuani. Ili arushe, anayetumia mkono wa kulia avushe mguu wa kulia mbele ya wa kushoto, bega la kushoto lielekee besi ya kwanza, vidole viwili vikatize mishono ili mpira unyooke. Mpira ukianguka njiani, tazama miguu yake kwanza: mara nyingi ilikuwa imesimama. Kwa watoto, besi ziko mita 18.29 kutoka moja hadi nyingine. Kwa wakubwa ni 27.43. Basi asirushe umbali wa wakubwa.

Mipira 50 kwa siku inatosha. Makalio yakianza kupanda, amechoka. Acheni hata kama mmefika 30.