Kuhesabu vipepeo wa nyasini mkoani Tanga

Chagua njia ya kilomita 1 hivi inayopita kwenye nyasi: kando ya shamba la mkonge, malisho ya ng'ombe, shamba lililolazwa. Mwombe ruhusa mwenye eneo kabla ya kuanza, maana utairudia njia ileile kila wiki, masika na kiangazi. Igawe vipande kila nyasi zinapobadilika, kila kipande na namba yake.

Tembea kwa mwendo mmoja wa polepole. Hesabu kipepeo aliye ndani ya mita 2.5 kushoto, mita 2.5 kulia, na mita 5 mbele na juu yako. Aliye nyuma mwache, kwani wengi huruka, huzunguka na kurudi, ukajikuta umemwandika mmoja mara mbili. Uingereza wanahesabu hivi kitaifa tangu 1976, ila kwao huanza karibu saa 5 asubuhi wakisubiri joto. Saa hizo usiziige. Jua la Tanga likiwa kali vipepeo wengi huingia kivulini, kwa hiyo anza saa 3 na umalize kabla ya saa 5. Matawi yakiyumba kwa upepo, ahirisha.

Kipande kisicho na kipepeo andika 0. Ukiacha wazi, baadaye hutajua kama hawakuwapo au hukupita.

Kazi ambayo wengi huiruka ni kupima nyasi, nayo ndiyo inayoeleza hesabu yako. Kipepeo wa buluu Phengaris arion alitoweka Uingereza mwaka 1979 ilhali maua anayotagia yalikuwapo bado. Kiwavi wake hula kwanza maua hayo, kisha sisimizi wadogo aina ya Myrmica sabuleti humbeba hadi kiotani, akaishi kwa kula watoto wao. Sungura na mifugo walipopungua, nyasi zilirefuka, udongo ukapoa, sisimizi hao wakaondoka. Alirudishwa kuanzia 1983 kwa vipepeo waliotoka Sweden, baada ya malisho kurekebishwa. Basi kila kipande pima sehemu 10: simamisha rula hadi udongoni, usizivute nyasi, andika sentimita. Ongeza tarehe ya moto na ya ng'ombe kupita.

Katika kutambua, kosa kubwa hapa ni Danaus chrysippus, wa rangi ya machungwa. Jike la Hypolimnas misippus linamwiga sana. Tazama bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati, Hypolimnas ana doa moja tu karibu na ukingo wa mbele. Piga picha mabawa yakiwa wazi, na nyingine yakiwa yamefumba.

Ukimwona Vanessa cardui mwandike, lakini usimfanye kipimo cha ubora wa nyasi zako. Huyo ni msafiri, jamii yake huvuka Sahara kati ya Afrika na Ulaya, na viwavi wake hula mimea ya aina nyingi mno.