Jinsi ya kuondoa ofa ya kazi mdhamini akikupa taarifa mbaya

Mwongozo huu ni wa afisa rasilimali watu, au mwenye biashara anayeajiri mwenyewe, aliyekwisha kutoa ofa halafu simu ya mdhamini, yaani mtu aliyetajwa na mwombaji aeleze mwenendo wake kazini, ikaja na habari mbaya. Hapa Dar es Salaam jambo hili ni zito. Mtu akishika barua ya ofa, kesho yake anaandika ya kuacha kazi, maana anayelipwa kwa mwezi hudaiwa notisi isiyopungua siku 28. Ukiiondoa ofa kizembe unamwacha hana kazi ya zamani wala mpya, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita.

Hatua ya 1: Soma barua uliyotuma

Tafuta sharti. Linapaswa kusomeka hivi: "Ofa hii itakuwa na nguvu baada ya mwajiri kupokea taarifa za kuridhisha kutoka kwa wadhamini wako." Kama lipo, una pa kusimamia.

Kama halipo, angalia kama mwombaji amekwisha kukubali. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinaruhusu ofa kuondolewa kabla kukubaliwa kwake hakujakamilika. Akishakurudishia barua iliyosainiwa, mna mkataba, na kuuvunja kunaweza kukugharimu fidia. Hapo mwone wakili kabla hujafanya lolote. Wengi hujifariji kwamba ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu mwenye ajira ya chini ya miezi 6. Ni kweli Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema hivyo, lakini haikuondolei madai ya mkataba uliovunjwa.

Hatua ya 2: Pima taarifa yenyewe

Tuseme unatafuta mtunza stoo wa ghala lako Barabara ya Nyerere. Bosi wake wa zamani anakwambia, "Huyo kijana si mwaminifu, achana naye." Usikate simu. Muulize: kilipotea nini, lini? Aliandikiwa barua ya onyo? Kikao cha nidhamu kilikaa? Uliona mwenyewe au uliambiwa?

Akijibu, "Aah, watu walikuwa wanasema tu," hayo ni maneno ya kijiweni. Akijibu, "Mifuko ya saruji ilipungua, akakiri mbele ya kikao, barua ipo kwenye faili," hapo una jambo la kufanyia kazi. Andika palepale tarehe, saa, jina na cheo cha uliyezungumza naye, na maneno yake kama alivyoyasema. Piga namba ya ofisi pia, maana namba ya kwenye CV inaweza kuwa ya yeyote. Na omba cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anatakiwa kisheria kumpa anayeondoka, ulinganishe tarehe.

Kuna maneno ya kutupa kabisa hata yakiwa ya kweli: alikuwa mjamzito, ana VVU, dini yake, kabila lake, ulemavu wake, siasa zake. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo ya 2004 kinamlinda hata mwombaji wa kazi. "Alikuwa anawashawishi wenzake wajiunge na chama cha wafanyakazi" nayo si sababu.

Hatua ya 3: Msikilize mwombaji

Kwangu mimi hatua hii hairukwi. Mpigie, usimtumie ujumbe wa WhatsApp. "Kaka, habari za mchana. Tumepata taarifa kutoka ulikokuwa, na kabla hatujaamua nataka nikusikie wewe. Wanasema uliondoka baada ya kikao cha nidhamu kuhusu upungufu wa stoo. Ilikuwaje?" Halafu nyamaza, mwache aseme mpaka amalize. Kama bado hajaacha kazi yake, mwambie waziwazi asiache kwanza.

Mpe siku mbili tatu alete nyaraka, au mdhamini mwingine. Wapo mabosi wanaomchafua mtu kwa sababu tu alidai malipo ya ovataimu au aliwapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hatua ya 4: Amua

Swali ni moja: jambo lililothibitika linagusa kazi unayompa? Wizi wa stoo unagusa utunzaji wa stoo. Kuchelewa mara kadhaa miaka mitano iliyopita hakustahili kumnyima mtu kazi. Kipindi cha majaribio kinatosha.

Hatua ya 5: Mpigie, kisha mwandikie

Barua iwe fupi:

"Ndugu, rejea barua yetu ya ofa. Ofa hiyo ilikuwa na sharti la taarifa za kuridhisha kutoka kwa wadhamini. Baada ya kuzipokea na kuyazingatia maelezo yako, tunasikitika kukujulisha kwamba sharti hilo halikutimia. Kwa hiyo tunaiondoa ofa hiyo kuanzia tarehe ya barua hii."

Usiandike "mwizi" wala "si mwaminifu". Kama alilipia vipimo vya afya kwa maelekezo yako, mrudishie hela yake.

Hatua ya 6: Funga faili

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na maelezo ya mdhamini yamo ndani yake. Yaweke pamoja na barua zote mbili na majibu ya mwombaji, mahali panapofungwa, yasomwe na wanaohusika na uamuzi tu. Kutuma jina lake kwenye kundi la WhatsApp la maafisa wenzako, eti "msimchukue huyu", ni marufuku ofisini kwangu.