Jinsi ya kuisubiri Avengers: Doomsday bila kujipa presha wala kujidanganya

Wadau wa Marvel, Desemba 18 2026 ndo siku iliyopangwa Avengers: Doomsday, ile muvi yao ya kundi la mashujaa, itoke, na popote wanapoongelea muvi utakuta watu wamegawanyika, kuna walioshaamua itakuwa muvi bora kuwahi kutokea na kuna walioshaizika kabla hata haijafika. Mi siko huku wala kule. Nina hamu nayo kinoma na hapo hapo kuna vitu vinaninyima raha, na kwa maoni yangu muvi kubwa namna hii inasubiriwa vizuri ukijua unatarajia nini hasa na unaogopa nini hasa. Maana wengi ukiwauliza wanaogopa nini wanakwambia tu "wataharibu". Wataharibu nini? Kimya.

Kwa hiyo anza hivi, chukua simu, fungua sehemu ya noti, andika unachokitaka kwenye hiyo muvi ila usiandike majina ya watu. Hapo ndo mashabiki wengi tunakwama, ukimuuliza mtu anataka nini anakutajia namtaka fulani, namtaka na fulani arudi. Machi 2025 Marvel walikaa laivu zaidi ya masaa matano wanatuonyesha viti, yaani viti tu, kila kiti kimeandikwa jina la mwigizaji mgongoni, majina 27 mpaka wakafika kwa Robert Downey Jr., na watu wamekodoa macho kwenye viti kana kwamba ndo muvi yenyewe. Na hata hivyo viti havikuwa na kila kitu, Chris Evans hakuwa na kiti pale halafu kionjo cha kwanza kilipotoka Desemba 2025 nani anaonekana, ni yeye Evans kama Steve Rogers, yule Captain America, na mtoto mchanga mkononi. Sasa kama matumaini yako yote yalikuwa kwenye ile orodha ulikuwa unashabikia samani.

Badala ya jina andika swali, na swali liwe kati ya watu wawili. Nikupe langu la kwanza, Thor na Loki. Thor anajua mdogo wake alikufa, alimwona yule adui Thanos akimnyonga mbele ya macho yake. Loki aliye hai sasa hivi ni mwingine, ni yule wa mwaka 2012 aliyetoroka na Tesseract, lile jiwe la nguvu, pale kwenye vurugu za kurudi nyuma ya muda za Endgame, kwa hiyo zile siku walizopatana, wakapigana bega kwa bega, wakaitana ndugu tena kwa moyo mmoja, huyu hakuziishi. Na mwisho wa tamthilia yake 2023 tulimwacha kakaa peke yake kwenye kiti cha enzi kashikilia matawi ya muda yasife. Thor akikutana naye atamkumbatia mtu ambaye yale anayoyakumbuka Thor yeye hakuwepo. Hiyo ni stori tayari, haihitaji mlipuko hata mmoja, dakika tatu tu za watu wawili wanaongea na ukumbi mzima unalia. Ndo maana nasema andika swali: je, watapewa hizo dakika tatu au watakutana katikati ya vita, mmoja arushe utani, basi imeisha?

Swali langu la pili ni ile sura. Downey ndiye aliyeanzisha yote haya mwaka 2008, alipocheza Tony Stark, yaani Iron Man, Stark akafa kwenye Endgame ya 2019, halafu Julai 2024 kwenye maonyesho ya Comic-Con pale San Diego Downey kavua barakoa mbele ya watu, kumbe ndiye Doctor Doom, adui wa muvi hii. Ukumbi ulilipuka. Mi pia nilifurahi, ila furaha ilivyopoa kikabaki kitu kinanikereketa, Doom hahitaji kuwa Tony. Victor von Doom yupo kwenye komiki tangu 1962, katengenezwa na Stan Lee na Jack Kirby, ni mtawala wa Latveria, ana sayansi ana uchawi, ana kiburi ambacho hakijawahi kumruhusu akubali kwamba Reed Richards, kiongozi wa Fantastic Four, anaweza kumzidi akili. Huyo mtu kajaa mwenyewe. Wakituambia kumbe ni Stark tu wa ulimwengu mwingine, mi naona watakuwa wamepunguza adui bora kabisa waliyebaki naye. Lakini wakiiacha barakoa usoni muda mrefu, halafu siku inavuliwa ikavuliwa mbele ya mtu mmoja anayemjua Tony kwa karibu, tuseme Thor au Steve, na huyo mtu mkono ukagoma kupiga… hapo nitasimama. Unaona tofauti? Sura ile ile, inaweza kuwa stori au ikawa biashara ya tiketi.

Ukishakuwa na maswali matatu manne ya hivyo yanatosha, usiandike ishirini. Kila tarajio unaloongeza ni deni unamdai dairekta ambaye hata hakujui.

Sasa woga. Huu nao uuchambue, usiubebe wote. Kaa chini uangalie tena muvi za kundi zilizofanikiwa na ile iliyoanguka, uone kilichotofautisha, utashangaa siyo kompyuta wala pesa. Chukua Avengers ya 2012, kuna ile sehemu wote wako maabara ndani ya meli inayoruka, Stark, Rogers, Thor, Banner (ndiye anayegeuka Hulk), Natasha na Fury, kila mtu anamrukia mwenzake kwa maneno, kamera imegeuka kichwa chini karibu na fimbo ya Loki, na katikati ya kelele Rogers anamwambia Banner weka hiyo fimbo chini. Banner anaangalia mkono wake, kumbe kaishika na hakujua. Wote wanaganda. Hakuna ngumi iliyorushwa pale ila ndo sehemu inayofanya ile vita ya New York iwe na maana, kwa sababu umeshaona hawa watu hawaivi chungu kimoja. Ukija Infinity War ya 2018 walikuwa na watu wengi kuliko kawaida, wakafanya ujanja, wakawagawa, Thor kaenda na Rocket na Groot, Stark kajikuta na Strange na yule dogo Parker (Spider-Man) ambao hawakuchaguana, na katikati ya wote wakamweka Thanos ndo mwenye muda mwingi kuliko shujaa yeyote. Yaani staringi wa ile muvi ni adui.

Halafu linganisha na Justice League ya 2017, ya wapinzani wao DC. Flash, Cyborg na Aquaman wameletwa bila hata kuwa na muvi zao wenyewe, tunakuja kuwafahamu wakiwa tayari wanaajiriwa kwenye kundi, dairekta Zack Snyder kaondoka katikati, mwingine kaingia na kushuti upya sehemu nyingi, studio inataka isizidi masaa mawili, mpaka mdomo wa Superman ukatengenezwa na kompyuta kwa sababu Henry Cavill alikuwa kafuga sharubu za muvi nyingine na hakuruhusiwa kunyoa. Toleo lake huyo Snyder lilipokuja kutoka Machi 2021 lina kama masaa manne, na penda usipende, Cyborg mle ana baba, ana kidonda, ana sababu ya kuwepo. Watu walewale, adui yuleyule. Kilichoongezeka ni nafasi.

Kwa hiyo woga wa kweli ninaoubeba kuhusu Doomsday ni huo wa nafasi. Kuna Avengers, kuna Fantastic Four, kuna Thunderbolts, kuna Wakanda na Namor, kuna X-Men wa zamani kina Patrick Stewart (Xavier) na Ian McKellen (Magneto). Naogopa igeuke kama foleni ya kupiga picha na maharusi, kila kundi linapanda, linatabasamu, linashuka, linalofuata. Kinachonipa moyo ni kwamba ndugu Russo, Anthony na Joe, ndo walewale waliofanya ule mgawanyo wa 2018, na Stephen McFeely aliyeandika naye yumo. Kinachonitoa jasho ni kwamba mwaka 2018 kina Rocket na Parker tulishakaa nao kwenye muvi zao, na hawa Fantastic Four tumekaa nao mara moja tu, 2025.

Woga mwingine ambao ni halali ni wa kifo. Mambo haya ya multivasi, malimwengu mengi, yamefanya kufa kuwe kama kusafiri, mtu kafa leo kesho anakuja mwingine mwenye sura yake. Hapo nakushauri usijiulize nani atakufa, jiulize nani akifa kutakuwa na mtu wa kumlilia. Na kuna wanaolalamika kwamba ni nusu stori kwa sababu Avengers inayofuata baada ya hii, Secret Wars, imepangwa Desemba 17 2027. Hilo mi halinisumbui, Infinity War nayo ilikuwa nusu na bado iliisha, adui kakaa anaangalia jua, kapata alichotaka. Muvi inaruhusiwa kuacha mambo wazi, isituishie katikati ya sentensi tu.

Vingine vyote ni kelele, vitupe. Ukisikia "wamerudi kushuti sehemu kadhaa" usianze kulia, muvi kubwa karibu zote hutengewa muda wa kurudi kushuti, shida ni pale wanapobadilisha mtu na nia nzima ya muvi. Ukisikia "chanzo cha ndani kimesema" jiulize huyo msemaji alisema nini mwaka jana na kilitokea? Hata studio yenyewe hubadilika, Julai 2022 walitangaza hadharani kwamba Avengers inayofuata itakuwa The Kang Dynasty, wakatoa na tarehe, leo haipo, Kang mwenyewe, adui aliyekuwa amepangwa, hayupo. Kama tangazo rasmi linaweza kufa, uvumi wa mtu asiye na jina unaukosea usingizi wa nini? Na habari za itaingiza bilioni ngapi waachie wenye hisa. Endgame iliingiza kama dola bilioni 2.79, The Marvels ya 2023 ikaishia kama milioni 206, na hakuna hata senti iliyokuja kwako au kwangu.

Trela nazo zina namna yake ya kuziangalia. Mara ya kwanza iache ipite, usisimamishe, usikuze picha, sikia tu mwili wako unasemaje. Mara ya pili angalia maswali yako, kuna dalili? Basi. Hii tabia ya kusimamisha kila sekunde na kuzungushia duara nyekundu inakufanya uandike muvi yako kichwani halafu siku ya siku unakasirika kwamba hawakuishuti. Tena trela hudanganya makusudi. Ile ya Infinity War ilimwonyesha Hulk anakimbia na wenzake Wakanda, kwenye muvi, pale Wakanda Hulk kagoma kutoka kabisa, Banner kaingia vitani ndani ya chuma cha Stark. Na No Way Home waliwafuta Spider-Man wawili kwenye trela, mpaka toleo la Brazil likaonyesha Lizard anapigwa ngumi na hewa tupu. Ngoma ikivuma sana hupasuka wanasema wahenga, basi we kaa mbali kidogo na hiyo ngoma, isikie tu.

Kuhusu kurudia muvi za nyuma, usirudie zote, utafika Desemba umechoka na hamu imeisha. Rudia Infinity War na Endgame. Loki misimu yote miwili, hii usiruke hata kama umebanwa. Thunderbolts na First Steps (ile ya Fantastic Four) za 2025 na ukae mpaka mwisho wa majina, kwa sababu moja inaonyesha chombo cha Fantastic Four kinaingia kwenye ulimwengu wa wengine na nyingine inamwonyesha Doom kwa mgongo, kapiga magoti mbele ya mtoto Franklin, barakoa iko mkononi. Kama hujawahi kuwaona X-Men wale wa zamani, ile ya kwanza ya 2000 inatosha kukuonyesha kwanini Xavier na Magneto ni marafiki wasioweza kukaa pamoja. Quantumania, ile ya Ant-Man na Kang? Kama unaipenda sawa, kama siyo ipite.

Wiki ya mwisho funga milango. Kwenye simu zuia maneno, siyo jina la muvi tu, zuia Doom, zuia Latveria, zuia majina ya wahusika wako wanne unaowapenda, maana wanaomwaga siri hawaandiki jina la muvi, wanaandika "siamini wamemfanyia hivi" na picha. Magrupu ya washkaji yaambie mapema, mtu akileta ujinga toka kwanza utarudi Jumatatu. Kama unaweza kwenda siku ya kwanza nenda, na kama unaenda na mtu asiyefuatilia usimpe somo la masaa mawili njiani, mwambie mambo mawili tu, huyu Doom ana sura ya rafiki yao aliyekufa, na huyu Loki siye yule. Mengine atayapata mle ndani.

Endgame ilikuwa dakika 181, kwa hiyo chooni nenda kabla na soda kunywa kwa adabu. Ikiisha usikimbie, subiri majina yapite, hata Endgame ambayo haikuwa na kipande cha mwisho ilituachia ile milio ya nyundo ya Stark anafua vazi lake la kwanza na walioondoka mapema hawakuisikia. Kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote fungua ile noti yako ujibu maswali yako mwenyewe, ndiyo au hapana na sababu. Na ubishi uwekeni mpaka mtoke nje kabisa, pale mlangoni kuna watu wa shoo inayofuata wamesimama na wanasikia kila kitu.