Kipima umbali cha leza cha kuwindia: usinunue kwa kuangalia boksi

Wengi tukifika dukani tunaangalia ile namba kubwa ya kwenye boksi, mita 1500 sijui 2000, tunalipa tunaondoka. Hiyo namba ni umbali wa mwisho wa kupima kitu kinachorudisha mwanga wa leza vizuri kama kibao cha barabarani. Manyoya ya mnyama yanaumeza mwanga, kwa hiyo mara nyingi utapata nusu yake au hata pungufu, na jua likiwa kali inashuka tena. Ukitaka kupima mnyama wa mita 400 bila wasiwasi chukua kinachodai 1000 kwenda juu.

Ila cha maana zaidi ni upana wa mwale, yaani ule mwanga wa leza unaotoka, na hicho wauzaji wengi hata hawakitaji. Mwale hautoki kama uzi, unatanuka kadiri unavyoenda. Unapimwa kwa milirediani, na milirediani 1 ni sentimita 10 kwenye mita 100, basi chenye milirediani 3 kwenye mita 500 kinamwaga mwanga wa upana wa mita 1 na nusu, hapo unapima mnyama na kichaka na kichuguu vyote kwa pamoja. Yalishanikuta, skrini inasema 210 na mnyama kwa macho tu naona yuko mbali sana, kumbe nimepima nyasi za mbele. Ndo maana hakikisha kina modi ya kuchukua kitu cha nyuma kabisa. Vile vya gofu vingi vinachukua cha mbele, maana kazi yao ni kukamata bendera na kuachana na miti iliyo nyuma, we usivichukue hata kama bei inavutia.

Kama unawinda milimani lazima kipime na mwinamo. Mnyama wa mita 400 kwenye nyuzi 30, risasi inashuka kama vile yuko mita 346 hivi, ukilenga kwa 400 unampita juu ya mgongo.

Skrini ya maandishi mekundu ni bora, yale meusi jioni yanapotelea kwenye mwili wa mnyama huyoni kitu. Ukuzaji mara 6 au 7 unatosha, mara 10 mkono ukitetemeka kidogo tu unapima mlima wa nyuma, labda uwe na stendi.

Kabla hujalipa toka nacho nje, tafuta nguzo iliyosimama peke yake, bonyeza uache kiendelee kupima huku unasogeza kialama (kile cha kulengea unachokiona ukichungulia ndani) polepole toka kushoto, angalia namba ya nguzo inatokea wapi, kisha rudia toka kulia. Namba ikitokea wakati kialama hakijagusa nguzo ujue leza na kialama haviko sawa, omba kingine.

Na kabla ya kwenda porini angalia kimewekwa mita au yadi, yadi 400 ni mita 366 tu.