Somo: Kusafiri na insulini kwa basi, Dar hadi Mwanza

Somo hili ni la mwenye kisukari anayejichoma insulini ya kichupa na kupanda basi alfajiri pale Mbezi. Joto la njiani linaharibu dawa, hilo kweli. Lakini kinachomwangusha mtu haraka zaidi ni kuchoma sindano halafu chakula kikachelewa.

Hatua ya 1: Hesabu dawa mapema, wiki mbili kabla. Kichupa cha ml 10 chenye uniti 100 kwa ml kina uniti 1,000. Anayetumia uniti 40 kwa siku, kinamtosha siku 25. Beba mara mbili ya mahitaji yako, ugawe kwenye mifuko miwili. Angalia bomba la sindano limeandikwa U-100, yaani uniti 100 kwa ml. Ukivutia dawa hiyo kwenye bomba la U-40 hadi alama ya 40, umevuta uniti 100, na hapo ni hatari kubwa. Kliniki waombe barua, na uliza dozi ya siku ya safari.

Hatua ya 2: Ubaridi. Chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana. Jaza maji ya friji, acha dakika kumi, mwaga, futa mpaka ikauke, kisha ingiza vichupa vilivyoviringishwa kwenye kitambaa. Barafu isiguse kichupa: insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena usiitumie. Kichupa kilichokwisha kufunguliwa hakidai friji. Kiweke mbali na jua na ufuate nyuzijoto na idadi ya siku zilizoandikwa kwenye karatasi yake, kwa kawaida wiki nne. Kwenye buti usiweke kabisa.

Kabla ya kuvuta dawa, itazame. Ya maji maangavu ikiwa na ukungu, tupa. Ile ya rangi ya maziwa ibingirishe taratibu katikati ya viganja. Ikibaki na mabonge, au weupe ukaganda kwenye kioo, tupa.

Hatua ya 3: Ndani ya basi. Kaa na dawa, mashine ya kupimia na chakula miguuni pako, si juu kwenye keria. Usichome kwa sababu konda amesema "tunakaribia kula". Foleni ya malori au pancha inaweza kula saa nzima. Choma basi likiwa limesimama na sahani iko mbele yako. Kwa insulini inayotakiwa nusu saa kabla ya kula, sukari itapanda kidogo baadaye. Afadhali hivyo kuliko kuzimia porini. Mwambie jirani wa kiti kwamba una kisukari. Basi likisimama kuchimba dawa, shuka utembee, na viatu usivue.

Nawa mikono kabla ya kupima. Kidole kilichotoka kumenya chungwa hutoa namba ya juu ya uongo, nawe ukaongeza dozi isiyohitajika.

Hatua ya 4: Sukari ikishuka chini ya 4.0 mmol/L kwenye mashine, au ukitetemeka na kutoka jasho la baridi: kunywa nusu ya soda ya ml 350 yenye sukari, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Ikishapanda, kula mkate au ndizi. Karanga na mayai ya dirishani havipandishi sukari upesi. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu na awahishwe hospitali.

MASWALI

Swali: Mama yangu anatumia vidonge tu. Naye abebe soda?
Jibu: Akitumia metformini peke yake, hatari ya kushuka ni ndogo sana. Akiwa kwenye glibenklamidi, abebe bila kukosa; hiyo hushusha kwa muda mrefu akiruka mlo.

Swali: Nisipokula njiani, si niache sindano zote nifike salama?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Insulini ya muda mrefu haiachwi, hasa kwa kisukari aina ya kwanza. Damu hujaa asidi, na kutapika huanza. Dozi ya mlo ndiyo inayosubiri mlo.

Swali: Nikienda kwa ndege je?
Jibu: Insulini iingie nawe ndani, mkononi, pamoja na barua. Kwenye mizigo ya chini inaweza kuganda, au begi likapotea.

Swali: Sindano zilizotumika nitupe wapi, dada?
Jibu: Chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko. Ipeleke kituo cha afya ukifika, usiirushe dirishani.