Rili ya jodari na kolekole: anza na breki

Vijana wanaotaka kununua rili yao ya kwanza, kile chombo cha kukunjia uzi kinachofungwa kwenye fimbo, ya kuvulia Mkondo wa Pemba huniuliza jina la kampuni, kisha ukubwa. Mimi huwarudishia swali: mdogo wangu, unamfuata samaki gani? Jodari na kolekole huvutana na mtu kwa namna mbili zisizofanana, na rili inayomfaa mmoja inaweza kukukosesha mwingine.

Jodari wa mapezi ya njano, anayetupitia kusi likilegea, Agosti hadi Oktoba, kazi yake ni kukimbia. Anaweza kuondoka na mita 200 za uzi bila kugeuza kichwa, halafu azame wima na kuanza kuzunguka chini ya chombo. Hatafuti mwamba, chini yake kuna mamia ya mita za maji matupu. Huyu anataka uzi mwingi na breki, yaani kile kinachozuia uzi usitoke ovyo samaki akivuta, isiyolegea ikipata moto. Kolekole mkubwa wa ukingoni mwa miamba hana haja ya mbio ndefu. Akishadaka jigi, chambo bandia kizito cha chuma, anageukia mawe palepale, na ukimwachia hata mita chache, uzi unasagika kwenye matumbawe. Huyu anataka breki kali tangu sekunde ya kwanza.

Ndiyo maana nasema anza na breki. Lakini usinunue namba iliyoandikwa kwenye boksi. Rili inaweza kuandikwa kilo 20 na ikifika kilo 10 inavuta kwa kushtuka-shtuka, na mshtuko ndio unaokata uzi. Nenda dukani na mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayopimia samaki sokoni. Funga uzi kwenye ndoano ya mizani, mwombe mwenzio ashike rili barabara, kaza breki kidogo, kisha vuta polepole ukitazama mshale. Utapanda, bobini, yaani gurudumu linalobeba uzi, ianze kuzunguka, na kuanzia hapo mshale utulie. Ukiona unapanda juu sana kwanza ndipo uanguke, au unacheza huku na huku, breki hiyo inanata. Kaza zaidi, rudia. Mwenye duka akikukatalia kupima, tafuta duka jingine.

Kipimo cha baharini ni robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa paundi 60 ni kama kilo 27, kwa hiyo unakaza kilo 7 hadi 9 hivi. Na kuna jambo wengi hawalijui: samaki akimaliza uzi mwingi, bobini inapungua unene, na breki inazidi kuwa nzito hata kama hujaigusa. Unene ukibaki nusu, uzito wa breki unakuwa maradufu. Jodari akiwa mbali na umebakiwa na uzi kidogo, legeza, usikaze. Nawaona watu wazima wakikaza hapo hapo, kwa hofu ya kuishiwa, na uzi unakatika.

Sasa umbo. Kama utarusha chambo bandia juu ya kundi la jodari linaloruka, chukua rili ya spini, ile inayoning'inia chini ya fimbo, ukubwa wa 14000 hadi 18000. Kama utashusha jigi wima au kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, rili ya ngoma inayokaa juu ya fimbo ina nguvu zaidi kwa uzito uleule. Ukipata yenye gia mbili, furahi: gia ya kasi ya kukusanya uzi, gia nzito ya kumpandisha jodari anayezunguka chini na hataki kuja. Kwa mwenye pesa ya rili moja tu, ushauri wangu ni ngoma ya gia mbili, mwili wa alumini, inayobeba angalau mita 400 za bredi, uzi wa kusukwa, ya paundi 65. Mwili wa plastiki ngumu unajikunja breki ikikazwa, gia zinapishana, na hapo umeshaharibu.

Rili kuukuu si aibu. Pwani yetu zimejaa Penn Senator, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1936, na kwa kurambaza bado ni rili ya kuheshimiwa, hasa ukiibadilisha washa za breki, vile visahani vinavyosuguana ndani, uweke za kaboni. Kwa jigi hazifai. Zinakusanya uzi polepole mno. Rili yoyote ya mkono wa pili, tazama kwenye skrubu: unga mweupe maana yake chumvi inaila alumini kwa ndani. Tikisa mkono wake mbele na nyuma usikie kama gia zinagonga. Ikiwa ni spini, zungusha kwa kidole kile kigurudumu kidogo kinachopitisha uzi, kisha pitisha ukucha juu yake. Kikikataa kuzunguka, au ukucha ukinasa kwenye mfereji, kitakula bredi yako. Omba bei ishuke au ukibadilishe kabla hujaenda baharini.

Beringi nyingi zisikuvutie. Chache zilizozibwa vizuri zinashinda kumi zilizo wazi kwa maji ya chumvi.

Ukishanunua, usifunge bredi moja kwa moja kwenye bobini tupu, itateleza yote kwa pamoja ukidhani breki imekufa. Tanguliza mizunguko ya nailoni, unganisha, kisha jaza bredi ikiwa mbichi, ukiibana kwa kitambaa kilicholowa ili ilale kwa mkazo. Ikilala legelege, jodari wa kwanza ataizamisha katikati ya tabaka za chini na itanasa. Kwenye spini acha milimita 2 au 3 kabla ya ukingo. Ukirudi pwani, kaza breki, mwagia maji baridi taratibu bila mpira wa presha, futa, kisha legeza breki kabisa kabla ya kuiweka.